Diski ya kolistini inasema hivi, mchuzi unasema vile

SWALI: Shikamoo mhariri. Nasomea ufundi wa maabara hapa Mbarara. Bakteria E. coli tuliyoitoa kwenye kinyesi cha kuku ilionekana kufa kwa diski (kipande cha karatasi chenye dawa) ya kolistini, ambayo ni antibiotiki, lakini kwenye mchuzi, yaani kimiminiko cha kuoteshea bakteria chenye dawa hiyo, ikaota. Tuamini kipi? Na hiyo MCR-1 inayoleta usugu kwa kolistini inafanya nini hasa?

JIBU: Marahaba. Aminini mchuzi. Kolistini ni molekuli kubwa, husambaa kwa shida ndani ya agari (jeli ya kuoteshea bakteria), kwa hiyo duara lisiloota kitu kuzunguka diski halina maana.

MCR-1 ni kimeng'enya kilichojichomeka kwenye utando wa ndani wa bakteria kwa heliksi (sehemu za protini zilizojisokota) 5. Sehemu inayofanya kazi imetokeza nje ya utando huo, na kiini chake kina zinki. Pale, threonini (asidi amino) ya 285 hupokea fosfoethanolamini, kikundi kidogo cha kemikali, kutoka kwa lipidi ya utando, kisha huibandika kwenye fosfeti ya lipidi A, lipidi ya utando wa nje wa bakteria. Fosfeti ile ina chaji hasi, ndiyo kolistini hushikia. Ikishafunikwa, dawa hukosa pa kushika. Jeni yake, iliyotangazwa China mwaka 2015, hubebwa na plazmidi, kipande cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na hilo ndilo baya zaidi: huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Rudieni kipimo kwa kolistini salfeti, kamwe si ile ya methanisulfoneti, maana hiyo haijawa dawa kamili. Tumieni visahani vya polistirini visivyopakwa kitu. Kolistini hunata kwenye plastiki. Bakteria 500,000 kwa mililita, nyuzi 35, saa 16 hadi 20. Wakiota penye miligramu 2 kwa lita, ni sugu.