Swali la lugha: kutetema au kutetemeka?

Swali: Binti yangu aliandika kwenye insha, "Babu alikuwa akitetema kwa baridi." Mwalimu wake akakata neno hilo na kuandika "akitetemeka". Je, "tetema" si Kiswahili? Na ardhi nayo, hutetemeka au hutikisika?

Jibu: Binti yako hakukosea, na ningependa arudishiwe alama yake. Tetema ndicho kitenzi cha msingi. Tetemeka kimetokana nacho kwa kuongezewa -ek- (kwingine huwa -ik-). Mara nyingi kiambishi hicho hugeuza maana, ndiyo maana kuvunja si kuvunjika. Hapa maana imebaki ileile. Katika mazungumzo tetemeka imeshika nafasi, hivyo tetema likiandikwa linamshtua msomaji. Lakini liko hai: somo la fizikia lina mtetemo, na simu tunaiweka kwenye mtetemo. Nomino hiyo imetoka kwa tetema. Kutoka kwa tetemeka tumepata tetemeko.

Neno lenyewe ni la Kibantu. Sikiliza hiyo te-te ya mwanzo: Kiswahili hupenda kurudia sauti pale tendo linapojirudia upesi, kama ndege anapopapatika au mtu anapopepesa macho. Hata zilizala, jina la tetemeko tulilolipata kwa Waarabu, lina mwigo huohuo wa sauti. Sura ya 99 ya Kurani inaitwa kwa jina hilo.

Kuhusu ardhi, yote mawili husemwa, ila mimi nayatenga. Kitu hutikisika kinaposukumwa huku na huku na nguvu ya nje, kama mwembe unaotikiswa ili maembe yaanguke. Kutetemeka ni mwendo mdogomdogo wa haraka, na chanzo chake kimo ndani: homa, hasira, woga, uzee. Kwa hiyo Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, ardhi ilitetemeka, nyumba zikatikisika, nyingine zikaporomoka. Na tafadhali, tetemeko limetokea, mtetemeko umetokea; "tetemeko imetokea" tunayoisikia kila mara haifai.

Binti yako akitaka kuongeza maneno, ana hazina nyingine. Mwenye homa hushikwa na kitapo. Mwenye hofu hugwaya, na hilo halisemwi kwa baridi, kwa hiyo babu wa kwenye insha asigwaye mpaka aingiliwe na chui.