Kwa unayeanza kukarabati jengo la kale la maduka

Ukikabidhiwa jengo la kale kwenye mtaa wa maduka, chini fremu za biashara na juu nyumba za kupanga, usianze na nyundo. Anza na maji. Panda paani, fuata mfereji mpaka pale bomba linapomwaga. Mvua ikinyesha, rudi tena, kwani siku ya jua jengo huficha maradhi yake.

Kosa lililonifunza kuliko yote lilikuwa la saruji. Ukuta ulikuwa wa matofali laini yaliyojengwa kwa chokaa, plasta inadondoka, nami nikakubali tupige saruji ili kazi iishe haraka. Ukapendeza kweli. Misimu miwili ya mvua baadaye chumvi ikatoka kama unga, na uso wa tofali ukawa unabanduka kwa ukucha. Saruji ni ngumu, hufungia unyevu ndani. Chokaa huuacha utoke. Saruji ya Portland, ndiyo hii ya kawaida ya leo, ilipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1824 huko Uingereza, na kuta zilizoitangulia zimezoea kupumua. Kwa hiyo rudisha chokaa, tabaka jembambajembamba, ufunike kwa magunia mabichi isikauke upesi. Chokaa hukomaa polepole kwa kunywa hewa ya ukaa. Mwenye jengo atalalamikia muda. Mwonyeshe tofali lililobanduka.

Halafu fungua kibao cha duka. Nyuma yake mara nyingi kuna boriti ndefu iliyobeba ukuta wote wa mbele. Ichome kwa bisibisi kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, maana ndipo inapoozea. Bisibisi ikizama kama kwenye sabuni, simamisha kazi, egemeza kwa nguzo za muda, ita mhandisi.

Ghorofa nyingi za juu hubaki tupu kwa sababu duka lilimeza mlango wa ngazi ili kupanua dirisha lake. Tafuta alama za ngazi ile sakafuni na kutani kabla ya kuchora mpya. Wapangaji wanahitaji njia yao wenyewe, isiyopita dukani. Na ile sakafu ya mbao iliyotenganisha duka na watu waliolala, hapo nakuomba usibane fedha. Kila tundu la bomba na waya lizibwe kwa kizuia moto, kwani moshi hupenya hata pasipopita kidole.

Vibali omba mapema. Piga picha kila chumba kabla hujang'oa msumari. Nimewahi kuchonga upya dirisha zima kwa kutazama picha moja iliyopigwa siku ya kwanza.