Kipupwe na Matembezi ya Jumamosi

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Tunaishi Kahawa West, mimi, mume wangu na watoto wawili wenye umri wa miaka sita na tisa. Tangu Juni ilipoingia, Jumamosi zetu zimekuwa za kukaa ndani tukilizunguka jiko la makaa, madirisha tumeyafunga, kwa sababu nahofia watoto watashikwa na nimonia. Mume wangu naye ameshikilia kwamba tupande Milima ya Ngong kuanzia saa kumi na mbili alfajiri, kama alivyozoea enzi za ujana wake. Je, yupi kati yetu aliye sahihi?
Mama wa Wawili, Kahawa West

JIBU: Mama wa Wawili, niwie radhi nikianza na jiko kabla ya matembezi. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo huweza kuwaua watu wakiwa usingizini bila hata mmoja wao kushtuka. Tafadhali litoeni nje leo hii. Nimonia, kwa upande wake, huletwa na vijidudu, navyo huambukizwa kwa urahisi zaidi pale watu wanapobanana mahali pasipo na hewa safi, huku moshi ukizidi kuyadhoofisha mapafu ya mtoto. Mtoto mzima wa afya, aliyevaa vizuri, hadhuriki kwa kucheza nje katika baridi ya Nairobi. Aliye na homa au anayehema kwa kasi ndiye wa kupelekwa zahanati, wala si msituni.

Hata hivyo, sikubaliani na mume wako kuhusu saa. Kipupwe chetu ni baridi ya mawingu kuliko kitu kingine chochote. Upepo wa kusi huleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na hewa hiyo inapopanda kuelekea nyanda za juu hupoa na kufanya lile wingu zito la kijivu ambalo asubuhi hulala juu ya jiji, likatunyunyizia manyunyu, kisha mara nyingi likaanza kupasuka kuelekea adhuhuri. Anayetoka alfajiri huchagua saa mbaya kupita zote. Tokeni saa tano au sita. Jua letu huchwa karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, kwa hiyo siku haitawapungukia.

Kwa kuanzia, Msitu wa Karura hauko mbali nanyi, na njia zake zinawafaa watoto kwa miguu na kwa baiskeli, pakiwa na maporomoko ya maji na mapango ya kuwatia hamu ya kuendelea wanapochoka. (Waambieni pia kwamba msitu huo ungekuwa nyumba za matajiri leo, kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama kidete mwaka 1999.) Ngong iahirisheni hadi watoto wakue kidogo. Kilele chake kina mita 2,460, na ile mitambo ya umeme wa upepo haikujengwa pale kwa bahati. Upepo huo huo humtoa machozi hata mtu mzima.

Ningekuwa mimi, ningeshuka badala ya kupanda. Mtu anaposhuka mita 1,000, joto huongezeka kwa nyuzi sita hivi, na barabara ya Magadi huwatoa kwenye mita 1,700 hivi za Nairobi hadi takriban 600 kwenye Ziwa Magadi. Isitoshe, upande wa pili wa Ngong wingu hukatika, hivi kwamba mnaweza kuliacha jiji limefunikwa nyuma yenu na kulikuta Bonde la Ufa linang'aa jua. Njiani ipo Olorgesailie, ambako watoto wataona mashoka ya mawe ya watu wa kale yakiwa yametapakaa ardhini palepale yalipofukuliwa. Kwangu mimi hakuna makumbusho ya ndani yanayoshinda hayo.

Kuhusu mavazi, fulana, sweta jepesi na koti lisilopitisha upepo hushinda jaketi moja nene, kwa sababu mtoto akikimbia atavua moja na akitulia atalivaa tena. Bebeni fulana kavu za kubadilisha, kwani pamba iliyolowa jasho hugeuka baridi mwilini mara tu mtoto anapoketi kula. Chupa ya chai na viazi vitamu vitatosha Karura. Kwa Magadi ongezeni maji mengi na kofia za jua, lakini msithubutu kuyaacha masweta nyumbani kwa sababu ya joto la huko: jioni mtapanda tena hadi Kiserian, na baridi mtaikuta palepale mlipoiacha.