Pateni za zamani, cherehani ya miguu na maswali yenu

Wiki mbili zilizopita niligusia kidogo tu habari ya bahasha zangu za pateni za zamani, yaani zile karatasi nyembamba za kukatia nguo ambazo akina mama wa Marekani na Ulaya walikuwa wananunua ili washone wenyewe nyumbani, nikajua watu watasoma wapite zao. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuwa mengi, mengine ya kunicheka kabisa, sasa leo najibu machache ninayoyaweza, mengine mtanivumilia.

"Anti shikamoo. Kwenye sanduku la marehemu bibi nimekuta bahasha ina picha ya wanawake wawili viuno kama nyigu, ndani karatasi laini zimekunjwa kunjwa. Bibi alifanya kazi misheni. Hizi ni nini, na zina hela?" (Bukoba)

Marahaba mwanangu. Kwanza usichome na usifungie maandazi.

Hiyo ndo pateni yenyewe. Kila karatasi ni kipande cha nguo, mbele, mgongo, mkono, kola, unaiweka juu ya kitambaa unabana na pini unakata. Aliyeanza kuziuza kwa saizi mbalimbali ni fundi cherehani mmoja wa mji wa Sterling, Massachusetts, anaitwa Ebenezer Butterick, mwaka 1863. Inasimuliwa mkewe Ellen alikuwa anamkatia mtoto wao nguo akachoka na pateni za wakati ule maana zilikuja saizi moja tu, ukitaka kubwa au ndogo piga hesabu zako mwenyewe. Mume akakaa chini akazikata kwa saizi. Alianza na mashati ya wanaume na nguo za watoto wa kiume, za akina mama zikafuata baadaye, na karatasi nyembamba ilimfaa maana inakunjika inaingia kwenye bahasha inakwenda posta hadi kijijini. Baadaye wakaja McCall 1870, Simplicity 1927, na wengine wengi.

Na hapa niseme kitu kinachonifurahishaga: Massachusetts hiyohiyo ndo zilikotoka meli za Salem zilizokuwa zinaleta Zanzibar kile kitambaa cheupe cha pamba, bibi zetu wakakiita merikani. Kwa hiyo kitambaa kilitufikia zamani sana, karatasi ya kukatia ndo ilichelewa.

Hela usitegemee nyingi. Hizi zilichapwa kwa wingi mno, za miaka ya 60 na 70 ni bei ya kawaida, ila ukikuta ya miaka ya 30 haijakatwa kabisa na ina maelekezo yake ndani, hapo tunaweza kuongea. Watu wengi walizitupa si unajua karatasi ni karatasi, ndo maana Chuo Kikuu cha Rhode Island kule Marekani kimetengeneza hazina yake kabisa ya pateni za zamani. Ila wewe mi nakuomba kitu kimoja, igeuze hiyo bahasha nyuma uangalie kama kuna maandishi ya penseli. Mimi ninayo moja mwenyewe kaandika kwa Kiingereza pembeni ya kipande cha mkono "ongeza inchi moja, ya Mary". Mary simjui, alikuwa na mikono mirefu basi. Kama bibi yako kaandika chochote pale, hicho hakiuzwi.

"Mimi dukani navaa 14. Nimeagiza pateni ya miaka ya 50 saizi 14, nimeshona wiki nzima, imegoma kupita kifuani. Nimenenepa au nimeibiwa?" (Mombasa)

Hujanenepa dada yangu na hujaibiwa, umedanganywa na namba tu.

Namba za pateni hazina undugu na namba za dukani. Sikiliza vizuri: miaka ya 40, saizi 14 ilikuwa kifua inchi 32. Katikati ya miaka ya 50 wakabadilisha, 14 ikawa inchi 34. Halafu mwishoni mwa miaka ya 60 kampuni zikapanga tena upya, kifua kilekile cha inchi 34 kikaitwa saizi 12. Kwa hiyo sahau namba kubwa iliyoandikwa mbele, geuza nyuma tafuta kipimo cha kifua, pima chako na tepu, usijivute pumzi, nunua kwa inchi.

Nakuambia hivi kwa sababu yamenikuta. Dada yangu aliniletea kitenge kizuri cha kahawia na njano, mimi kwa kiherehere nikakata bila kupima, nikavaa kwa kichwa nikafika mabegani nikanasa, mikono juu kama nimekamatwa na polisi, nikamwita mtoto wa jirani aje anivue, akacheka mpaka akakaa chini. Kitenge kile sasa ni foronya nne.

Toka siku hiyo kila pateni mpya naijaribu kwanza kwa merikani au shuka kuukuu, natia mishono mikubwa ya bandi tu, naivaa, nachora na kalamu pa kubana na pa kulegeza. Na usisahau mwanamke wa kwenye picha kavaa mkanda wa kubana tumbo chini ya ile gauni. Sisi na hipsi zetu tuchague sketi ya marinda, ile ya kubana kama penseli utailaumu bure.

"Pateni yangu haina mstari hata mmoja, matundu tu kama imeliwa na mende. Ni mbovu?" (Morogoro)

Sio mende hao. Za zamani sana hazikuchapwa chochote, zilikatwa rundo zima kwa pamoja zikatobolewa matundu, tundu kubwa lina maana yake, dogo lina yake, pengine ni pa kukunjia kitambaa, pengine vile vikunjo vya kubana kifuani. Vile vipembe vilivyokatwa pembeni ni vya kukutanisha kipande na kipande. Maana ya kila tundu inategemea kampuni, imeandikwa kwenye karatasi ya maelekezo, kwa hiyo ukinunua uliza kwanza kama maelekezo yapo.

Karatasi ikiwa imejikunja pitisha pasi ya moto mdogo, bila maji bila mvuke. Halafu usikate ile yenyewe! Ilaze juu ya karatasi ya kaki au magazeti uliyounganisha na gundi, chora pembeni, kata hilo gazeti. Ya zamani rudisha kwenye bahasha ikapumzike.

Na yule aliyeuliza habari ya magazeti ya Kijerumani ya Burda, yale aliyoyaanzisha Aenne Burda kule Offenburg mwaka 1950, jibu lako ni hilohilo, lazima unakili, maana kwenye karatasi moja wamepanga gauni kumi mistari imepitana kama nyaya za umeme Kariakoo. Ila angalia, za zamani hazina nafasi ya mshono, ongeza mwenyewe sentimita moja na nusu kila upande la sivyo utarudi kwenye swali la dada wa Mombasa.

"Naweza kutumia khanga kwenye pateni ya gauni la miaka ya 50?" (Muscat)

Unaweza, na inapendeza kuliko hata kitambaa walichokikusudia wao, ila khanga ina akili zake. Kipande kimoja ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, kwa hiyo doti nzima unapata mita tatu hivi, na yale magauni ya sketi pana yanakula yadi nne hata zaidi. Na ile sketi ya duara achana nayo kabisa, pindo la khanga limenyooka na duara limepinda, havitakutana mpaka kiama. Tafuta pateni ya sketi ya marinda, vipande vyake ni vya mraba tu, pindo linatulia chini kwenye ukingo wala huhitaji kulikunja sana. Fua kwanza kabla ya kukata, maana pamba inarudi.

Sasa jina. Kabla hujaweka mkasi tandika khanga chini usome maneno yataangukia wapi. Kuna shoga yangu alipata khanga ya "Mgeni njoo mwenyeji apone", akakata haraka haraka, zipu ikapita katikati, ikabaki "Mgeni njoo" peke yake, tena kwenye kalio. Kaenda nayo kwenye maulidi. Mpaka leo tukitaka kumchokoza tunamwita Mgeni.

"Fundi wangu anasema pateni ni za watu wasiojua kushona." (Dodoma)

Hajakosea sana. Fundi wa barazani anakupima kifua, kiuno, hipsi, urefu, anaandika namba kwenye kidaftari kilichochakaa, anachora na chaki moja kwa moja kwenye kitambaa chako cha laki na hapepesi jicho. Mimi siwezi, mkono unatetemeka. Pateni ilitengenezwa kwa mtu kama mimi, mwenye meza ya chakula na jioni moja. Msalimie fundi wako, mwambie na yeye Jumamosi aliyoniahidi ilishapita.

"Dada, mume wangu analalamika. Anasema gauni la mtumba ni elfu tano, mimi kitambaa, uzi na zipu inafika elfu ishirini na tano, na muda juu. Nimjibu nini?" (Mwanza)

Kwa hesabu kashinda, usibishane nae kwenye hesabu.

Zamani kushona nyumbani kulikuwa kuokoa hela kwelikweli. Uingereza wakati wa vita, kuanzia Juni 1941 mpaka 1949, nguo zilikuwa kwa kuponi, mwaka wa kwanza mtu mzima kapewa 66 na gauni moja la sufu linakula 11, kwa hiyo ukiona pateni za miaka ile sketi ni finyu na marinda hakuna, sio fasheni tu, ni kitambaa hakuna. Pazia linageuka blauzi. Sisi wa miaka ya themanini mwanzoni hatuhitaji kuhadithiwa hayo, nakumbuka mama kapanga foleni toka alfajiri kupata khanga, na kaptula yangu ya kuchezea ilitoka kwenye gauni lake la uchumba, ile ya maua ya bluu, nilikuwa naona aibu kumbe nilikuwa nimevaa kitu cha maana kuliko wote mtaani.

Leo mtumba upo, ni kweli. Mwambie mzee kwamba wewe hununui gauni, unanunua Jumapili jioni. Mvua inapiga bati, redio iko chini chini, chai ya tangawizi mbali na kitambaa (mbali!), miguu inakanyaga cherehani na ule mlio wake tak-tak-tak ambao ukiuzoea hata mawazo yanajipanga mstari. Mimi napenda zaidi pale ninapofungua mshono kwa pasi, kitambaa kinalala, kinatoa ile harufu ya pamba ya moto. Dakika mbili tu hizo. Umeme ukikatika wanaotumia mashine za kisasa wanasonya, mimi nawasha taa ya chaji naendelea.

Asipoelewa mshonee pajama. Pateni za pajama za wanaume za zamani ni pana, zina mfuko kifuani, akishavaa wiki moja hatauliza tena bei ya zipu.

"Nianze na ipi? Nimeona watu wanasifia ile gauni ya kushona asubuhi ukavaa mchana." (Kigali)

Hiyo ni Butterick namba 6015 ya mwaka 1952, walikuwa wanaitangaza kwamba unaanza baada ya kifungua kinywa na mchana unatoka nayo. Umbo lake ni rahisi kweli, ni kama aproni mbili zinazokumbatiana, moja inafunga kwa nyuma nyingine inazunguka inakuja kufunga mbele. Wasichokuambia ni kwamba ukingo wote unatakiwa uzungushiwe ukanda wa mshazari, na huo ukanda hauishi, unashona unashona bado upo mgongoni. Yangu nilianza baada ya kifungua kinywa cha Alhamisi nikamaliza Jumatatu.

Anza na aproni. Halafu gauni la kulalia. Zipu na kola mwakani.

"Samahani kuuliza, hizo nguo unazivaa wapi? Maana huku kwetu mtu anashona kwa ajili ya sendofu au harusi." (Dar es Salaam)

Swali zuri na ndo maana nimeliweka mwisho. Kabati langu na mimi lilikuwa hivyo, sare za harusi kumi na mbili, nyingine za ndoa ambazo zenyewe zimeshavunjika, na za kila siku ni fulana za kampeni na dira zilizopauka. Zile bahasha ndo zilinishtua, maana ukiangalia nyingi ni gauni za nyumbani, za kufagilia, za kwendea sokoni, na bado mtu kazichorea kola nzuri na mfuko wa kuwekea leso.

Kwa hiyo ile ya kwanza iliyonikaa sawasawa, ya kitenge cha kijani, vifungo sita mbele, mifuko miwili, niliivaa kwenda gengeni. Mama wa mchicha akanitazama juu mpaka chini akaniuliza leo kuna nini, nani anaoa. Nikamwambia hamna, ni Jumanne, nipe mafungu mawili. Akaniambia hebu geuka. Nikageuka. Akaongeza la tatu.