Gasketi mpya ndani, silensa hakuna

SWALI: Nimefungua kabureta ya gari langu la zamani na kuweka gasketi mpya. Linawaka, ila halishiki silensa (kuunguruma polepole bila kukanyaga mafuta) mpaka nivute choki.

JIBU: Choki hupunguza hewa; ikisaidia, mchanganyiko wa hewa na petroli una hewa kupita kiasi. Nyunyizia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta na manifoldi (bomba la kupeleka mchanganyiko kwenye injini). Mngurumo ukibadilika, gasketi inavuta hewa. Kama sivyo, toa jeti ya silensa (kipande chenye tundu dogo la kupitisha petroli), uipulize kwa kompresa. Usiichokonoe kwa waya (wengi hufanya hivyo!), utapanua tundu. Skrubu ya mchanganyiko ifunge taratibu hadi iguse, kisha irudishe mzunguko 1½, uirekebishe injini ikiwa moto. Ukiikaza kwa nguvu, ncha yake huharibika. Halafu pima kimo cha boya (kielea kinachodhibiti kiwango cha petroli ndani ya kabureta).