Maswali Yenu: Aliyetoa damu apewe nini?

SWALI: Shikamoo mama ustadha, assalaam alaykum. Mimi ni msomaji wako wa Tanga, naomba jina langu lisitoke. Mfunguo nne mke wangu alijifungua kwa upasuaji, akavuja damu nyingi. Hospitali ikaniambia nitafute watu wawili wa kuchangia kwa sababu akiba ya damu ilikuwa imekwisha. Mimi mwenyewe nilipimwa nikakataliwa, damu yangu ilikuwa pungufu. Ndugu zetu wote wako Pangani na magharibi ilikuwa imeshaingia. Jirani yetu mmoja nilimpigia simu tu akaja, akatoa, hakuuliza kitu. Wa pili nilimpata nje ya geti, kijana nisiyemjua, akaniambia bila elfu hamsini hatoi. Nikamlipa. Mama na mtoto wote wazima, alhamdulillah. Sasa baba mkwe anasema nimenunua haramu nikaitia mwilini mwa binti yake. Yule jirani nilimpelekea mchele na kitambaa cha kanzu, amekataa kupokea, anaogopa asije akawa ameuza damu yake. Na kamati ya msikiti wetu inapanga siku ya kuchangia damu kwenye Maulidi, imependekezwa kila atakayetoa apewe mchele kilo tano. Naomba hukumu ya yote matatu.

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullah. Marahaba, mwanangu. Mpe mama mtoto pole na hongera zake, na Mwenyezi Mungu amkuze mtoto katika kheri.

Naanza na baba mkwe, kwa kuwa naona ndiye anayekunyima usingizi. Mzee hakuzua. Katika Sahihi Bukhari, Abu Juhayfa, radhi za Allah ziwe juu yake, alimnunua mtumwa aliyekuwa mpiga chuku, yaani muumikaji wa kutoa watu damu kwa tiba, kisha akaamuru vyombo vyake vya kupigia chuku vivunjwe. Mwanawe alipomuuliza sababu, akamjibu kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza thamani ya damu. Ibn Hajar al-Asqalani, katika kuisherehesha hadithi hiyo, anasema kuuza damu na kula thamani yake ni haramu kwa ijmai, yaani kwa makubaliano ya wanavyuoni wote. Ongeza na ile iliyopokewa na Ibn Abbas, kwamba Mwenyezi Mungu akiwaharamishia watu kula kitu huwaharamishia na thamani yake. Damu imetajwa katika Suratul Baqara aya ya 173, pamoja na mzoga na nyama ya nguruwe. Kwa hiyo damu si mali ya kuwekwa sokoni, na kijana aliyekwambia “bila elfu hamsini sitoi” amekula kisichokuwa chake.

Lakini aya hiyohiyo ina mwisho wake, na baba mkwe hajaufikia. Aliyefikwa na dharura, pasi na kuasi wala kupita mipaka, hana dhambi. Wanavyuoni wa Baraza la Fiqhi la Rabita, ile jumuiya ya Waislamu wa dunia, walikaa Makka katika kikao chao cha 11, Rajab 1409, yaani Februari 1989, wakalitazama jambo hili hasa. Uamuzi wao una vipande vitatu. Kuuza damu hakufai. Ikiwa mgonjwa anaihitaji kwa matibabu na hapatikani wa kuitoa ila kwa malipo, mnunuzi anaruhusika kulipa, na dhambi inabaki kwa aliyepokea. Na cha tatu, ambacho ndicho kitakachotufaa kwa jirani yako na kwa kamati, hakuna ubaya kumpa mtoaji mali kama hidaya au jazaa ya kumtia moyo katika jambo la kheri, kwa kuwa hiyo ni tabarrui, kutoa kwa hiari, na si mauziano.

Basi mwambie mkwe wako kwa adabu: mzazi anavuja damu mezani, akiba imekwisha, wewe umepimwa ukakataliwa, jamaa wako Pangani. Kama hiyo si dharura, sijui neno hilo tumewekewa la nini. Dhambi hukuichukua wewe, wala mkeo, wala hakuna haramu inayotembea mwilini mwake.

Ila dharura hupimwa kwa kadiri yake, na hapa nawaambia wasomaji wote. Nimefanya kazi maabara ya hospitali miaka mingi kabla ya kustaafu, na nimewaona kaka watatu wenye siha wamekaa benchi la nje huku shemeji yao akihangaika kumtafuta mtu wa kumlipa. Mmoja anaogopa sindano, mwingine ana safari kesho, wa tatu anasema damu yake nzito. Hiyo haiitwi dharura. Damu ya bure ipo pale benchini, imevaa suruali na shati, inachezea simu. Familia ya namna hiyo ikinunua, isijifunike na fatwa ya Makka.

Kuna wanaoniuliza, mbona samadi ni najisi na watu wanalipana? Masheikh wetu wa Kishafi wameeleza kuwa pale najisi haiuzwi. Mwenye nayo anaondoa mkono wake kwa kupewa kitu, anaacha haki aliyokuwa nayo. Mlango huo kwa damu siupendi, kwa sababu damu ina katazo lake mahsusi kutoka kinywani mwa Mtume, na uamuzi wa Makka umetupa njia iliyo safi zaidi. Na wanaolalamikia gharama za vipimo wajue nazo hazimo katika katazo hili. Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku na Abu Tayba, aliyekuwa mtumwa, akaamuru apewe pishi ya tende, na akasema na mabwana zake wampunguzie kodi waliyomtoza. Ibn Abbas akasema, lau ule ujira ungekuwa haramu asingempa. Abu Tayba alilipwa mkono wake na kazi yake. Vivyo hivyo mtu wa maabara, mfuko, na dawa za kupimia. Damu yenyewe haina bei, na atakayekutajia bei ya chupa, awe amevaa koti jeupe au hakuvaa, anakula thamani ya damu.

Sasa jirani. Mwambie achukue mchele wake!

Kinachotenganisha bei na hidaya ni maagano yaliyotangulia. Yeye alikuja kwa simu moja, akatoa, akaondoka. Hapakuwa na sharti, hapakuwa na ahadi, na kama usingempelekea hata punje, asingekudai. Kilichokuja baada ya hapo ni shukrani, na shukrani tumeamrishwa. Mtume (S.A.W.) amesema, katika hadithi ya Ibn Umar iliyo kwa Abu Daud na Nasai, mwenye kuwatendea wema mlipeni, na msipopata cha kumlipa basi muombeeni mpaka muone mmekwisha kumlipa. Kwa hiyo ulipobeba ule mchele ulikuwa unatekeleza agizo. Akikataa kwa sababu anataka awe katika wale waliotajwa Suratul Insan, wanaosema tunawalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, hatutaki kwenu malipo wala shukrani, hiyo ni daraja yake na usimlazimishe. Lakini kukataa kwa kuogopa haramu, hofu hiyo haina msingi. Kitambaa cha kanzu kiweke, Idd ikifika mpelekee kama jirani anavyompelekea jirani. Hapo hata yeye hatakuwa na la kusema. Na kila ukimwona mwambie jazakallahu khayran kwa moyo, Mtume amesema aliyetamka hayo amefikisha upeo wa kusifu.

Yeye naye, huko mbele mkija kugombana kwa mpaka wa ua au kelele za kuku, asikwambie “mke wako anaishi kwa damu yangu.” Masimbulizi hubatilisha sadaka, na hii ni sadaka.

Nije kwenye kilo tano za kamati. Hapa nitakaa kidogo.

Kwa uamuzi nilioutaja, mchele wa msikiti ni halali. Mtoaji hamuuzii msikiti chochote, na mgonjwa atakayepokea ile damu hajulikani. Mtu akitaka kusimama hapo ana dalili. Lakini nawaomba ndugu zangu wa kamati wasiuandike kwenye tangazo, na sababu yangu naitoa kwenye chumba cha kuchangia.

Mtu akifika hupewa karatasi ya maswali kabla hata hajaguswa. Umewahi kuugua manjano? Umelala na mtu usiyejua hali yake? Umepungua uzito bila sababu? Unatumia dawa gani? Halafu hupimwa uzito, asipungue kilo 50, hupimwa presha, hutobolewa kidole kuangalia wingi wa damu. Baadaye damu yenyewe hupimwa virusi vya ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Watu huiamini mashine wakaidharau karatasi. Kumbe mtu aliyeambukizwa juzi anaweza kupimwa na kipimo kisione kitu, kwa kuwa zipo siku za mwanzo ambazo virusi vimo na alama yake bado. Katika siku hizo kinachomlinda mgonjwa ni ukweli wa mtu mwenye kalamu, peke yake.

Nimemwona kijana aliyeahidiwa pesa na jamaa wa mgonjwa. Hakusoma swali hata moja. Kalamu ilishuka na karatasi, hapana, hapana, hapana, kuanzia juu mpaka chini, kisha akaniuliza, “Tayari?” Nilimrudishia karatasi nikamwomba tusome pamoja, swali baada ya swali. Tulipofika kwenye manjano akanyamaza, akatazama mlangoni kwa yule jamaa aliyekuwa akimsubiri na noti zake. Sikumtoa damu. Yule jamaa alinikasirikia sana, na mimi sikumlaumu, alikuwa na mgonjwa. Lakini tangu hapo nikilisoma katazo la thamani ya damu naliona linavyomlinda mtu aliyelala kitandani asiyeweza kuuliza damu imetoka kwa nani.

Kilo tano za mchele mwezi mgumu si kitu kidogo kwa baba wa watoto wanne. Ukiziandika kwenye bango, umemwekea mtu huyo sababu ya kuficha ugonjwa wake, na kumvuta aliyetoa mwezi uliopita arudi tena wakati mwanamume anatakiwa akae miezi 3 na mwanamke miezi 4 ndipo atoe tena. Mwili wake nao ni amana.

Kwa hiyo mimi nawashauri hivi. Mchele kama upo, wapewe wote waliofika, aliyetoa na aliyerudishwa, kilo zilezile na kwa mkono uleule. Aliyekataliwa kwa presha au kwa uzito alitia nia, na nia ina ujira wake kwa Mola. Mkifanya hivyo mtu hana tena sababu ya kudanganya kwenye karatasi, na hakuna atakayeweza kusema mchele ule ulikuwa bei ya chupa, kwa kuwa wapo walioubeba bila kutoa hata tone. Tangazo liseme siku, saa, mahali, na kwamba kutakuwa na chai. Soda, biskuti na tende baada ya kutoa si malipo, ni dawa ya mtu aliyepungukiwa na karibu nusu lita ya damu. Nauli ya anayetoka mbali mpeni. Kadi yake ya uchangiaji apewe na atajiwe kundi lake la damu, wengi hawalijui mpaka siku ya ajali.

Na muwatangazie watu wale na wanywe maji kabla ya kuja. Kuchangia damu hakubatilishi saumu wala udhu katika madhehebu yetu ya Kishafi, Mtume (S.A.W.) alipigwa chuku hali amefunga, lakini anayefunga Jumatatu na Alhamisi siku hiyo afadhali achague moja, maana kizunguzungu si ibada. Akina mama wanaonyonyesha na wajawazito wasipange foleni, mchango wao waupeleke jikoni.

SWALI: Assalaam alaykum. Mwanangu wa kiume ana selimundu (sickle cell), ameshaongezewa damu mara kadhaa. Safari moja aliyetoa ni shoga yangu, ambaye ana binti wa rika lake. Bibi yao anasema hao sasa ni ndugu, hawataoana. Ni kweli? Mama wa Mombasa.

JIBU: Waalaykumu salaam, mwanangu. Si kweli, na bibi msimcheke, wasiwasi wake umetoka kwenye kunyonyesha. Undugu wa kunyonya una masharti yake: ni maziwa, ndani ya miaka miwili ya mwanzo, na kwa Kishafi manyonyo matano. Damu haimo. Kikao kilekile cha Makka nilichokitaja juu kiliulizwa hili pia kikajibu kwamba kuongezewa damu hakuharamishi ndoa. Kama Mwenyezi Mungu amewaandikia, wataoana.

Lakini kwa vile mwanao ana selimundu, binti apimwe kabla ya posa kupokelewa. Akiwa ana chembe ya selimundu mwilini, hata kama hajaugua siku moja, kila mimba yao itakuwa na uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa huo. Kipimo kinafanyika kwa damu kidogo tu. Wallahu aalam.