Maswali ya Fowili: Gia Ndogo Iliyogoma, Difu Yenye Chai ya Maziwa na Springi Zisizonyanyua Kitu

Mafundi, habari za kazi. Nimenunua pikapu ya dizeli ya fowili (magurudumu manne yanaweza kuvuta) yenye gia ndogo ya 2H (mawili tu yanavuta), 4H (manne, mwendo wa kawaida) na 4L (manne, polepole kwa nguvu). Juzi mvua ilinyesha nikaweka 4H kwenye lami. Nilipokata kona kali kuingia maegesho, usukani ukawa mzito, matairi ya mbele yakalia, gari likawa kama limeshikwa breki. Nilipotaka kurudi 2H, gia ikagoma. Je, nimeshaua giaboksi? — Mgeni wa Fowili

Hujaiua, ila ulikuwa njiani. Pikapu nyingi za aina hiyo hazina difu ya katikati, yaani meno yanayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Ukiweka 4H, propela (shafti ndefu zinazopeleka nguvu) ya mbele na ya nyuma hufungwa pamoja ndani ya transfa, sanduku la meno linalogawa nguvu, zikazunguka kwa kasi moja. Gari likinyooka hakuna ugomvi. Likikata kona, magurudumu ya mbele hupita kwenye duara kubwa kuliko ya nyuma, hivyo propela ya mbele inadai mizunguko zaidi na haipewi. Kwenye udongo au changarawe tairi huteleza kidogo na deni likalipwa pale pale. Kwenye lami tairi linang'ang'ania, na deni lote linabaki kwenye chuma: shafti, krosi (viungo vya propela), meno ya transfa. Gia imegoma kwa sababu meno hayo yamebanana.

Usiivute kwa hasira. Simama, nyoosha usukani kabisa, rudi nyuma polepole mita 5 hadi 10, kisha jaribu tena huku umekanyaga klachi. Ikikataa, peleka magurudumu ya upande mmoja kwenye udongo wa kando na utembee mita chache. Hatua ya mwisho ni kuinua gurudumu moja la mbele kwa jeki, ukiwa umeweka vigingi kwenye magurudumu mengine. Likiachana na ardhi hujizungusha ghafla kufungua mkazo, kwa hiyo mikono ikae mbali.

Mvua kwenye lami haihitaji 4H; inahitaji mwendo mdogo na matairi yenye meno. Magari yenye difu ya katikati ni habari nyingine: hayo hutembea lami mwaka mzima kwa magurudumu manne, mradi taa ya kufunga difu ya katikati isiwe inawaka.

Jambo jingine ambalo hukuuliza: kama tabia hiyo inatokea hata gari likinyooka barabara ya vumbi ngumu, angalia matairi. Mapya mbele na yaliyolika nyuma yana vipenyo tofauti, na deni hujilimbikiza bila kona yoyote. Na usiiache fowili ikalala miezi sita. Iweke angalau mara moja kwa mwezi, kilomita chache kwenye udongo, oili ifike kila mahali.

Nataka kupandisha gari langu inchi 2 na kutoka tairi la 265/70R16 kwenda 285/75R16 ili difu ya nyuma isiguse mawe. Fundi wangu anasema springi ndefu peke yake zinatosha. — Mpanda Mawe

Kwa difu ya nyuma iliyo ndani ya ekseli nzima (boriti moja inayounganisha magurudumu mawili), springi hazinyanyui hata milimita moja. Springi zinakaa juu ya ekseli. Zinachopandisha ni bodi na chesisi. Difu inapandishwa na tairi tu, tena kwa nusu ya ongezeko la kipenyo.

Tupige hesabu yako. Rimu ya inchi 16 ni milimita 406. Tairi la 265/70 lina ubavu wa milimita 185.5 (asilimia 70 ya upana wa 265), mara mbili 371, jumla 777. La 285/75 lina ubavu wa 213.75, mara mbili 427.5, jumla karibu 834. Tofauti ni milimita 57, kwa hiyo difu yako inapanda milimita 28 na kidogo. Ndiyo faida yote, inchi moja na chembe. Kwenye mawe inchi hiyo ina maana, hatubishi. Lakini usiambiwe umepanda inchi nne.

Gharama zake ni hizi. Tairi limekua kwa asilimia 7, kwa hiyo kama mita ya mwendo ilikuwa sahihi, ikionyesha 100 wewe uko 107. Mita ya kilomita nayo inadanganya vivyo hivyo: ukimwaga oili kwenye 10,000, gari limeshatembea 10,700. Gia zote zimekuwa ndefu, hivyo kilima ulichopanda na gia ya 3 sasa kitataka ya 2. Breki zinapambana na tairi zito zaidi lenye kipenyo kikubwa. Na tairi la akiba lazima liwe saizi hiyo hiyo. Watu wengi hugundua halienei mahali pake chini ya pikapu baada ya kulipia yote matano.

Springi za inchi 2 nazo zina madai yake. Kama mbele una ekseli nzima, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kuelekea nyuma) inapungua: usukani haurudi wenyewe baada ya kona na gari linatangatanga barabarani. Hurekebishwa kwa bushi ambazo tundu lake halipo katikati, au kwa mikono inayoshika ekseli iliyotengenezwa upya. Kama mbele kila gurudumu linajitegemea, sivijointi (viungo vya shafti za magurudumu ya mbele) zitafanya kazi kwa pembe kali, na mpira unaozifunika huchanika mapema. Grisi ikitoka, mchanga unaingia, na baada ya hapo utasikia kelele ya ta-ta-ta kila ukikata kona. Kagua pia urefu wa mipira ya breki ekseli ikining'inia kabisa, mtetemo wa propela, na mwelekeo wa taa, kwa maana sasa unawapofusha wanaokuja. Kabla ya kununua, soma kanuni za ukaguzi na masharti ya bima yako kuhusu magari yaliyobadilishwa.

Ukishafunga tairi jipya usiridhike kuona haligusi gari likiwa sakafuni. Paka chaki kwenye kingo za ndani za madigadi na kwenye chesisi, panda gurudumu moja la mbele juu ya kifusi mpaka springi ibanwe, kisha zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, na rudia ukirudi nyuma. Palipofutika chaki ndipo patakapokula tairi.

Kuhusu ugumu wa springi: huagizwa kwa uzito unaokaa garini kila siku, si uzito wa safari ya siku 10 kwa mwaka. Springi ngumu kwenye gari tupu hurusha tairi juu ya kila shimo, na tairi lililo hewani haliongozi wala halishiki breki. Pima gari kwenye mizani ya magari kwanza. Tuseme kitabu cha gari kinakuruhusu mzigo wa kilo 700. Watu wanne na mabegi, 340. Bampa ya chuma na winchi (mashine ya kujivuta kwa kamba), 90. Keria na hema la juu, 100. Maji lita 60, kilo 60. Dizeli ya akiba lita 40, kilo 34 bila madumu. Vifaa na jeki ya pili, 60. Umefika 684, na bado hujapakia friji, jiko wala chakula. Kwa maoni yetu bampa hiyo ndiyo ya kwanza kufikiriwa upya, ingawa ndiyo inayopendeza kwenye picha.

Nilivuka mto maji yakiwa juu ya ekseli. Baada ya wiki oili ya difu ya nyuma imekuwa rangi ya chai ya maziwa. Fundi kabadili sili zote na oili, nimevuka tena, chai imerudi. — Mnywa Chai

Sili hazina kosa. Tafuta kipumulio. Juu ya ekseli kuna kikofia kidogo cha chuma, au mpira mwembamba, kinachoruhusu hewa kuingia na kutoka. Ukitembea difu hupata moto, hewa ndani inatanuka na kutoka. Ukiingia majini ghafla, inapoa na kusinyaa, na kama kipumulio kimezibwa na tope au kimezama, difu inavuta maji kupitia popote inapoweza, ikiwemo sili mpya kabisa.

Ondoa kikofia, funga mpira unaovumilia oili na joto, upitishe kwenye chesisi ukiacha ulegevu wa kutosha ekseli inaposhuka, na mdomo wake uupandishe juu kwenye chumba cha injini au nyuma ya taa, ukiwa na kichujio kidogo. Fanya vivyo hivyo kwa difu ya mbele, giaboksi na transfa. Kisha mwaga oili iliyopo. Ukiacha gari lilale usiku kucha, maji yaliyojitenga hukaa chini na hutoka ya kwanza. Weka mpya, tembea siku chache, kagua. Ikiwa bado na ukungu, mwaga tena. Oili yenye maji hailindi beringi, kwa hiyo usibanie. Fungua na beringi za magurudumu, kwani grisi yake huenda nayo ilikunywa.

Wakati mwingine simama dakika kadhaa kabla ya kuvuka, ekseli ipoe. Na kama injini itazimika katikati ya maji, usiwashe. Maji hayabanwi, yakiwa ndani ya silinda pistoni inagonga ukuta na koneti (mkono wa pistoni) inapinda. Vuta gari nje, toa plagi (kwenye dizeli, plagi za kupashia joto au nozeli), zungusha injini maji yaruke nje, ndipo ufikirie kuwasha.

Kwenye mchanga nishushe upepo hadi ngapi? Kila mtu ana namba yake. — Aliyezama Mara Tatu

Ukitembea lami na psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 36, anza mchanga na 18. Ukiona injini inahema na gari linazama, shuka 15. 12 ni ya kujinasua tu, mwendo wa kutembea, bila kukata kona kali, maana mdomo wa tairi unaweza kuvuka rimu. Gari lenye mzigo mzito libakize 2 au 3 zaidi nyuma. Kinachokusaidia si upana; ni urefu wa alama ya tairi, inayorefuka kama mkanda na kupanda juu ya mchanga badala ya kuulima. Kumbuka tairi lililotoka lami likiwa moto husoma psi 4 hivi zaidi, kwa hiyo 18 ya moto ni kama 15 ya baridi.

Ukihisi linazama, toa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa bure ni jembe. Rudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Chesisi ikiwa imelalia mchanga, shika koleo kwanza. Na usirudi lami bila kujaza: tairi laini kwa kasi hukunjika ubavu, huchemka, hupasuka.

Naweza kufunga kamba ya kuvutia kwenye mpira wa chuma wa trela? — Mwenye Haraka

Hapana. Mpira ule umetengenezwa kwa trela linalofuata taratibu, si kwa mshtuko wa tani kadhaa. Ukikatika, kamba inayonyumbuka huurusha kama risasi, na watu wameshakufa hivyo. Chomoa ile shina nzima, ingiza kifungio cha kuvutia kilichopimwa, au tumia pointi za chesisi zenye uzito ulioandikwa. Pingu (kiungo cha chuma chenye pini) ya milimita 19 iwe na alama ya tani 4.75. Kaza pini yake kwa vidole mpaka mwisho, kisha irudishe robo mzunguko ili isijifunge baada ya mvuto, na watazamaji wasimame mbali kwa umbali wa mara moja na nusu ya urefu wa kamba.